Kipimo cha Mbao na Valizi ya Kalonda

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza tena. Nimeona mbuzi aliyefungwa kitenge mgongoni kama mtoto, mwanamke anambembeleza anyamaze, na mbuzi ananyamaza. Nimeona askari anapanda ndege na mlango wa nyumba, mlango mzima na kitasa chake, anasema ni mzigo wa mkononi kwa sababu ameushika kwa mkono. Nimeona pasta na mganga wanagombania kiti kimoja, kila mmoja na kadi yake ya kweli. Basi ninyi mnaoanza kazi leo na mashine zenu zinazolia «tii» kila mtu akipita, msidhani mna jipya la kunionyesha.

Nadège, ambaye sasa ndiye anayesimamia mlango wa kupandia pale Luano, uwanja wetu wa ndege wa Lubumbashi, ndiye aliyeniomba niandike. «Papa Flori, uandike, mbele ya kusahau.» Mimi sisahau. Magoti yamechoka, sikio la kushoto liliharibiwa na injini, lakini kichwa kiko. Shule niliiacha darasa la nne, nanyi wote mna diploma ukutani, na bado ni mimi niliyewafundisha kuingiza watu mia na mizigo yao ndani ya ndege bila ngumi kurushwa. Karibu bila. Vyeo sitavitaja, mnavijua. Mshahara wa miaka ile, kuutaja ni kuupa heshima ambayo haukuwa nayo. Nitasema mambo ya kazi: nani apande kwanza, na mfuko wake ukae wapi. Mnaona ni jambo dogo. Ngojeni.

Nilifika Luano mwaka ule wa pilaji, askari walipopora maduka ya mjini na raia wakamalizia mabaki. Sikuja kutafuta kazi. Nilikuja nasukuma pusi-pusi, ule mkokoteni wetu wa magurudumu mawili, nimebeba mizigo ya familia moja ya mtaa wa Golf iliyokuwa inakimbia na kila kitu, hata mapazia. Baba yangu alikuwa mtu wa reli, na reli ilikuwa inakufa. Treni ya kaskazini iliondoka siku iliyoitaka na kufika mwezi ulioutaka. Kwa hiyo yeyote aliyekuwa na kitu cha kuuza alikiuza akapanda ndege. Na watu wa treni walipanda ndege kama wanavyopanda treni.

Siku hiyo ya kwanza niliona hivi. Mlango wa chumba cha kungojea ulifunguliwa, watu wote wakatoka mbio kwenye pista, kule ndege zinakosimama, mifuko kichwani, kama mpira umeanza. Kadi zilikuwa na namba za viti, ila hakuna aliyekuwa na muda wa kuzisoma. Mwenye nguvu alikaa mbele, akajaza kabati la juu ya kichwa chake na la jirani yake. Mwenye mimba akabaki kwenye ngazi. Sista mmoja alipoteza kiatu, akapanda na kimoja. Ndege ikachelewa saa mbili kwa sababu watu walisimama katikati ya njia wakivutana mifuko. Mimi nilisimama na pusi-pusi yangu, nikacheka. Mzee mmoja wa kampuni akanisikia.

«Weye unacheka? Bon. Kuja utuonyeshe.»

Nikawaonyesha. Nilipanda ngazi, nikatoa mifuko yote kwenye makabati, nikairudisha mmoja mmoja, migumu chini, laini juu, mirefu kwa ubavu. Yote ikaingia na nafasi ikabaki. Nilikuwa sijawahi kuingia ndani ya ndege. Nusu saa. Hakuna aliyenisaidia. Muulizeni yeyote aliyekuwepo, kama bado yuko hai.

Mzee yule aliitwa Papa Mutombo. Alikuwa amepakia mabehewa ya reli miaka mingi kabla kampuni yetu, ambayo leo haipo tena, haijamchukua. Sikioni alikuwa na kalamu ya risasi isiyo na risasi. Aliitumia kunyooshea tu. Alinifundisha kwamba behewa linajazwa kuanzia mwisho kuja mlangoni, na kwamba ndege ni behewa lenye kiburi. Alinifundisha kuinua mzigo kidogo kabla ya kuamua lolote, maana macho yanadanganywa na karatasi za rangi, mkono haudanganywi upesi. Alinifundisha kwamba samaki mkavu hakai juu ya koti la mtu, hata mwenye samaki akiapa kwa Bikira Maria kwamba hawanuki. Na alinifundisha jambo moja nililolisikia nikaliacha lipite.

«Benye makelele mi nitabaona,» alisema. «Weye uangaliaka benye kunyamaza. Ule hasemake kintu, umuulize mara mbili.»

Niliona ni maneno ya mzee aliyechoka. Nilikuwa kijana, nilikuwa na akili kuliko wote pale, na bado sijaona aliyenipita.

Akili yangu ya kwanza ilikuwa kipimo. Nilipima kabati la juu kwa kamba, nikaipeleka kamba kwa seremala wa mtaa wa Katuba, akanitengenezea fremu ya mbao kutoka kwenye benchi la shule lililovunjika. Nikaipaka rangi ya njano. Ilisimama chini ya ngazi. Mfuko ukiingia, unapanda na mwenyewe. Usipoingia, naandika alama yangu ya chaki, F ndani ya duara, na unaenda sute, yaani tumboni mwa ndege. Hakuna kubembelezana. Wasafiri waliiita Tribinali ya Flori, yaani mahakama yangu. Leo mna fremu ya chuma yenye picha. Ya kwangu ilikuwa na majina ya wanafunzi waliolichonga benchi lile, na ilikuwa sahihi zaidi.

Akili ya pili ilikuwa zamu za kupanda. Nilikata kadi kwenye katoni za maziwa, nikaziwekea alama tatu. Wenye mzigo mkubwa wa mkononi wanapanda kwanza, wanaenda nyuma kabisa, kila mmoja anafunga kabati juu ya kichwa chake wakati njia bado ni tupu. Wenye mfuko mdogo wanafuata. Wenye mikono mitupu mwisho, kwa sababu hao hawatafuti kitu ila mahali pa kuweka matako. Sikujali nani ni mke wa nani. Siangalii uso, naangalia mkono: hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, na niliitangaza kila asubuhi. Waliofika pamoja wanaachana chini ya ngazi, wanakutana juu. Dakika ishirini, ndege imejaa. Rubani mmoja alishuka ngazi kuja kunipa mkono.

Walijaribu kunizunguka, bila shaka. Bwana Kambale, mfanyabiashara wa jumla kutoka Butembo, Mkristo wa kusali asubuhi na jioni, alikuwa anakuja na mifuko saba, na yote saba inaingia kwenye kipimo.

«Bwana Kambale, muntu mumoja, mufuko mumoja.»

«Shefu, njo mumoja,» akasema, yaani ndio mmoja huo. «Hii sita ni ya bandugu.»

«Bandugu gani?»

Akageukia mstari. «Bandugu katika Bwana! Nani iko na mukono mutupu?» Na mikono sita ikainuka.

Nilimpandisha. Mtu anayejaza ndege kwa akili ninamheshimu.

Miaka ikaenda hivyo, na kila mwaka ukawa mbaya kuliko uliopita. Kulikuwa na wakati ambapo makabati ya juu yalijaa noti kuliko nguo: begi zima la noti lilinunua baiskeli wakati wa kuondoka, na wakati wa kutua lilinunua pampu yake tu. Nchi ikabadilisha jina, bendera, na picha iliyotundikwa ofisini. Msumari ulibaki ule ule. Kipimo changu pia kilibaki kile kile. Papa Mutombo akaugua mgongo, akarudi kwake, akafa msimu wa mvua. Binti yake aliniletea ile kalamu. Ninayo.

Sasa nifike pale.

Ilikuwa vita vya pili vya nchi yetu, wiki zake za kwanza. Redio ilisema hali ni shwari, basi watu wakafunga mizigo. Ndege ya kwenda Kalemie, ule mji wa kando ya ziwa huko kaskazini, ilikuwa inaenda mara moja tu, baada ya hapo kampuni ingeona. Kila mtu wa kaskazini aliyekuwa Lubumbashi alitaka kuwa ndani. Wanajeshi walikuwa na masanduku yao, na hayo hayakupita kwenye Tribinali.

Nilipiga filimbi, nikaanza kugawa kadi. Alikuja mama mmoja mwembamba na valizi ya bati ya kahawia, lile sanduku la zamani la watu wa reli, pembe zake zimepigwa misumari. Pembeni yake mwanaume wa mikono mitupu, amemshika kiwiko. Nikampa mama kadi ya zamu ya kwanza, mwanaume ya tatu.

«Shefu, tuko pamoja,» mwanaume akasema. «Ni mi njo ninamusemea mama.»

«Mama iko na kinywa yake. Weye, ku nyuma. Mutakutana mu ndeke.»

«Shefu, usikie kwanza…»

«Ku nyuma!»

Askari akamsukuma kwa kitako cha bunduki, si kwa nguvu, kwa mazoea tu.

Nikaweka valizi kwenye kipimo. Ilikataa kwa vidole viwili. Nikaiinua, kama nilivyofundishwa: nyepesi sana, kama hamna kitu. Nikafikiri, nyepesi hivi, basi hamna cha kuharibika. Nikatoa chaki.

Mama akanishika mkono.

Alinishika kwenye kifundo, vidole vya baridi. Hakusema neno. Nadhani alinitazama, mimi nilikuwa natazama mkono. Kwamba kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chini ya kitambaa cheusi, hilo nililijua kesho yake, kwa kuambiwa. Nyuma watu walikuwa wanapiga kelele.

«Shefu, tutafia hapa!»

«Mama, achia valizi, ku Kalemie kuko zingine!»

«Ule mama anajionaka!» mwingine akasema, na mstari ukacheka.

«Mama,» nikamwambia, «kama uko na neno, useme. Nahesabu tatu.»

Nikahesabu tatu. Midomo yake ilikuwa imebanwa kama imeshonwa, na machozi yanateremka. Hakusema, nikachukua kwamba amekubali. Nikaandika F ndani ya duara, nikampa mpakiaji. Tena nilijiona mwema: nilimwambia valizi ya mama aiweke juu ya mingine, isikandamizwe.

Zamu ya tatu haikupanda. Mkubwa mmoja wa jeshi alileta familia yake, viti vikaisha. Yule mwanaume wa mikono mitupu alibaki kwenye pista, akanipigia kelele juu ya mngurumo wa injini.

«Valizi iko na shemeji?»

«Iko ndani!» nikajibu.

Ndipo rubani akasema ndege ni nzito. Masanduku ya askari hayaguswi. Wapakiaji wakatoa mizigo kwenye sute, upande wa pili ambao mimi siuoni, wakaipeleka stoo. Walianza na iliyokuwa juu ya mingine. Ndio huo wema wangu.

Kesho yake yule mwanaume akaja. Jina lake Banza. Alikuwa ameitwa kwenye fonia ya misioni, ile redio ya mapadri: shemeji yake, Mama Feza, amefika Kalemie, valizi haikufika. Akanieleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Kaka yake Kalonda, fundi wa reli, alifia hapa mjini. Treni hakuna, na hakuna ndege iliyokubali jeneza. Wakamzika hapa. Lakini kwao mkubwa wa nyumba lazima alale na baba zake, na mwili ukishindwa kwenda, zinakwenda nywele na kucha. Mjane anazibeba mwenyewe. Haziwekwi na mizigo, haziwekewi kitu juu. Na tangu anapotoka mlangoni mpaka afike kwenye kaburi, mbebaji hasemi neno na mtu yeyote. Akisema, marehemu anadhani wamefika, anashuka hapo hapo, anabaki. Ndiyo maana wanaenda wawili: mmoja anabeba, mmoja anasema.

«Mi nilikuwa kinywa yake,» Banza akasema. «Ukanipeleka nyuma.»

Stoo ilikuwa hatua arobaini kutoka pale tuliposimama. Nilizipima baadaye. Kazi yangu ilikuwa kutembea tu. Lakini wapakiaji walikuwa wamesimama wanasikiliza, na mimi nilikuwa mtu ambaye hajawahi kupoteza hata mfuko wa mihogo.

«Valizi ilipanda,» nikasema. «Mu mikono yangu bagaji haipoteake. Uulize bale ba Kalemie.»

«Kama ilipanda,» akasema, «basi yaya Kalonda iko njiani. Bon.» Akaondoka. Siku chache baadaye waasi wakaichukua Kalemie, na kwa miaka hakukuwa tena na ndege, wala lori, wala barua. Niliambiwa Banza aliondoka kwa baiskeli, akifuata reli. Sikumwona tena.

Valizi niliikuta mwezi uliofuata, stoo, nyuma ya matairi. F ndani ya duara. Sikushangaa, nimewaambia mimi sishangai. Nilikaa juu ya tairi mpaka mtu akaja kuuliza kama naumwa.

Niliipeleka nyumbani Makomeno kwa pusi-pusi, kama nilivyoanza. Mke wangu Béa aliuliza ni nini, nikamwambia. Hakupiga kelele. Alishusha kila kitu kilichokuwa juu ya kabati la nguo, akapangusa vumbi.

«Ikale hapa,» akasema. «Na muntu asiweke kintu juu yake.»

Vita vikaisha, ndege za kaskazini zikarudi, na mimi nikaendelea kusema mwaka ujao. Kuipeleka ilikuwa ni kutangaza mbele ya pista nzima kwamba Flori alipoteza, halafu akadanganya. Jina langu nililijenga kwa mikono. Sikuwa na diploma ya kujifichia. Kampuni yetu ikafa, ikaja nyingine, nayo ikafa, nikabaki mimi, kwa sababu kila kampuni ina ngazi na watu wanaogombania makabati. Nikawafundisha ninyi. Magurudumu ya begi yaingie kwanza. Koti liwekwe mwisho. Mama mwenye mtoto usimpe kiti ambacho kabati lake limeshajaa, maana hawezi kusimama kutafuta jingine. Nadège, siku yako ya kwanza ulitaka binamu yako apite na begi kubwa, nikakuambia hata kama ni baba yako, kipimo ni kipimo. Ulienda kulia chooni, ukarudi macho makavu. Nilijivuna siku ile. Kisha nilirudi nyumbani, na nilipovua shati nikamwona Kalonda juu ya kabati, kama kila siku. Kuchoka kwa kweli ni huko, si kule kwa miguu.

Nilipoacha kazi mlinipa keki, bahasha na saa ya ukutani. Béa alingoja siku tatu.

«Bamekupatia saa,» akasema. «Sasa uko na wakati.»

Paroko mmoja wa Kalemie alitupatia namba ya simu. Aliyejibu ni binti wa Mama Feza. Banza alikwisha kufa. Mama Feza yuko hai, macho yamekuwa na ukungu, na kitambaa cheusi bado yuko nacho. Kilio hakijaondolewa, kwa sababu hakuna kilichozikwa. Walichimba kaburi dogo kando ya baba zake Kalonda, na kila mvua ikiisha wanalisafisha, wanangoja. Nikaeleza yote: kadi ya tatu, chaki, zile hatua arobaini. Upande wa pili nikasikia wanasemezana. Kisha binti akarudi.

«Mama anasema ulete. Na anasema: sasa weye njo unabeba, basi weye njo utanyamaza.»

Béa alitaka kuja kuwa kinywa changu. Nikakataa. Mimi, Luano, nihitaji mtu wa kunisemea? Hata mbwa wa pale wanajua jina langu.

Basi nilitoka nyumbani valizi mikononi, mdomo umefungwa. Jaribuni kuwaza, ninyi mnaonijua. Teksi ikazunguka kupitia Karavia, nikaona kabisa ananila nauli, nikanyamaza. Uwanjani kila mtu ananiita. «Papa Flori! Umekwisha kuwa tajiri, hausalimiake tena bantu?» Nikainua kidole gumba, nikapita. Mlangoni alikuwa Nadège. Akaichukua valizi kwa heshima, akaiweka kwenye fremu yenu ya chuma. Ilikataa kwa vidole viwili.

«Papa, hii inaenda sute.»

Nikaikumbatia.

Akacheka. «Ah! Muangalie, Papa amekuja kunifanyisha ekzame!» Mstari ukacheka naye. «Kipimo ni kipimo, Papa, hata kama ni baba yangu. Si weye njo ulisema?»

Nikabaki nimeikumbatia. Nyuma wakaanza. «Tutakawia!» Kisha sauti moja: «Ule mzee anajionaka!» Maneno yale yale. Sijui wanarithishana wapi.

Nilifungua mdomo. Nawaambia ukweli, niliufungua. Nilikuwa na hotuba nzima, ya kuwaeleza mimi ni nani na nani alianzisha kazi hii wanayoifanya. Halafu nikamfikiria Kalonda akishuka pale mlangoni, kati ya choo na duka la biskuti, akidhani amefika. Nikaufunga.

Nadège akaacha kucheka. Mimi nilimfundisha kuangalia mkono. Yeye akaniangalia usoni. Kisha akaona kipande cha kitambaa cheusi ambacho Béa alikuwa amenifunga begani. Akasogea karibu, akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini.

«Papa, mu hii valizi muko muntu?»

Nikainamisha kichwa.

Nadège ni binti wa mji wa Kongolo, huko huko kaskazini. Hakuhitaji kuelezwa. Alianza kuwaza kwa sauti, kama nilivyomfundisha kuwaza: sute haiwezekani, kabati la juu halitaifunga, na hata ingeingia watu wangeisukumizia mabegi yao, chini miguuni haifai. Akaangalia mashine.

«Kumebakia kiti moja pembeni yako. Ya ku dirisha. Ila ni ya kulipa, Papa, bei nzima. Siwezi kukupatia bure. Ni weye ulinifundisha.»

Nikatoa bahasha yenu, ile ya siku ya keki.

«Jina ya musafiri?» Akanipa kalamu. Nikaandika KALONDA, kwa herufi kubwa, ndizo ninazoziweza vizuri. Akalinakili kwa mkono kwenye kadi ya kupandia, bila kufuta. Kisha akachukua kipaza sauti, na badala ya kuita zamu ya kwanza akasema: «Tutaanza na famili moja.» Tukapanda wawili, kabla ya wote, njia tupu mbele yetu.

Nilimfunga mkanda. Miaka yote ile nilipandisha watu, mimi mwenyewe ndege haijawahi kuniinua kutoka ardhini. Bomba refu la kiwanda cha shaba, ambalo tangu utoto nalitazama kwa kuinua shingo, likawa dogo kama ile kalamu ya Papa Mutombo. Nilinyamaza kwa sababu ya sheria. Hata bila sheria ningenyamaza.

Kalemie walinipokea bila salamu, kama inavyotakiwa, na tukaenda moja kwa moja kwenye kaburi dogo. Katekista akasali. Valizi ikashuka, ikatoshea. Wao walipima vizuri. Mama Feza akafungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja mara nne, akamkabidhi binti yake. Sasa niliruhusiwa kusema. Toka Lubumbashi nilikuwa nimetayarisha maneno ya kuomba msamaha, maneno mazuri, ya mtu anayejua kusema. Yalinitoka mawili.

«Mama, pole.»

Alinyoosha mkono akautafuta wangu, akanishika kwenye kifundo. Vidole vya baridi.

«Siku ile ulinihesabia tatu,» akasema.

Hakuachia.

«Alikaa wapi mu ndeke?»

«Ku dirisha, mama.»

Akatoa kicheko kidogo, kikavu. «Njo yeye. Ata mu treni alikuwa anapiganaka juu ya dirisha.» Akafikiri. «Ule bwana, na kadi yake ya reli, maisha yote alipandaka bure. Tiketi hakulipaka ata siku moja. Balimulipisha ngapi?»

«Dola mia mbili arobaini na saba,» nikasema.